Heshima Ipo, Mikono Imepungua

Mazungumzo yakifika Japani, swali moja halikosi kuulizwa. Wajapani tunawasikia kwa adabu. Wanainama mbele ya mkubwa, wanachagua maneno ya kumtamkia, wana hata sikukuu ya taifa ya kuwaenzi wazee, Jumatatu ya tatu ya kila Septemba. Imekuwaje basi tusikie kwamba hukohuko mzee anaweza kufariki chumbani mwake na majirani wasijue mpaka wiki zipite? Watu wenye heshima kiasi hicho wanamwachaje mzazi afe peke yake?

Wengi huuliza wakiwa na jibu tayari: fedha zimewaharibu, wameiga Wazungu, wamewatupa wazazi wao. Jibu hilo silikubali. Linatupa raha ya kujiona bora, na linatuzuia kuona kilichotokea. Heshima ya Wajapani kwa wazee ipo mpaka leo. Kilichopungua ni watu wa kuitenda: wa kumwogesha mzee, kumlisha, kumpeleka hospitali, kukaa naye usiku akiweweseka, na hatimaye kulitunza kaburi lake. Heshima hukaa moyoni, lakini matunzo hufanywa kwa mikono, na mikono huhesabika.

Tuanze na hesabu

Tunaposema jamii inazeeka, hatuna maana kwamba watu wanazeeka. Hilo limekuwapo tangu enzi na enzi. Maana yake ni kwamba fungu la wazee katika watu wote linakua mwaka hadi mwaka. Sababu zake ni mbili zinazokwenda pamoja: watu wanaishi miaka mingi zaidi, na watoto wanaozaliwa wanapungua. Ya kwanza ndiyo inayosemwa sana. Ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi.

Chukua nyumba ya wazee wawili waliozaa watoto watano. Baba akipooza, watano hao wanaweza kupokezana: mmoja analipa dawa, mwingine analala hospitali, mwingine anapika. Sasa chukua wazee wawili wenye mtoto mmoja, naye ameoa mtoto wa pekee wa nyumba nyingine. Mume na mke hao wana wazazi wanne juu yao, wote wanaweza kufika miaka 90, na hakuna ndugu wa kupokezana naye. Hakuna aliyekosa adabu katika nyumba hiyo. Watu ndio hawatoshi.

Japani imepita njia hiyo kwa kasi. Mwaka 1947 mwanamke wa Kijapani alizaa wastani wa watoto wanne na nusu. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 1.2. Watoto waliozaliwa mwaka 1949 walikuwa karibu milioni 2.7, mwaka 2023 walikuwa 727,000 hivi. Idadi ya watu wote ilifika kilele cha milioni 128 mwaka 2008 na tangu hapo inashuka. Leo karibu watu watatu katika kila kumi wana miaka 65 au zaidi.

Kasi yenyewe ni jambo la kuangalia kwa makini. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa fungu la wenye miaka 65 na kuendelea kupanda kutoka watu 7 hadi 14 katika kila 100. Japani ilichukua miaka 24, kuanzia 1970 hadi 1994. Aliyeanza kazi akiwa kijana mwaka 1970 alistaafu katika nchi nyingine kabisa, bila kuhama mtaa.

Mwaka 1963 serikali ilianza kumzawadia kila aliyetimiza miaka 100 kikombe cha madini ya fedha, zawadi kutoka kwa Waziri Mkuu. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa na watu 153 wa umri huo. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 95,000, karibu tisa katika kila kumi wakiwa wanawake. Kikombe bado kinatolewa, ila tangu 2016 kimepakwa fedha juu tu. Nia ya kuwaenzi haikubadilika. Wa kuenziwa ndio waliozidi makadirio.

Mzigo wa mkaza mwana

Zamani nani alimtunza mzee wa Kijapani? Jibu la kawaida ni "familia", lakini ukifungua mlango wa nyumba hiyo unamkuta mtu mmoja: mke wa mtoto wa kwanza wa kiume. Kwa sheria ya ukoo iliyotumika hadi 1947, mtoto huyo alirithi nyumba, jina na kaburi la mababu, na pamoja na hayo wazazi. Yeye alikwenda kazini. Aliyebaki na baba mkwe na mama mkwe alikuwa mkaza mwana. Sheria ilipofutwa, desturi iliendelea kwa miongo mingi.

Kazi yake inastahili kuelezwa, maana watu huitaja kwa neno moja la "kutunza" na kupita. Mzee aliyepooza asipogeuzwa mara kwa mara kitandani, mchana na usiku, ngozi huchubuka na kupata vidonda virefu vya kulalia. Hulishwa kidogo kidogo asije akapaliwa. Hubadilishwa nepi, na kuna siku huikataa, kwa kuwa anaona haya. Mwenye ugonjwa wa kupoteza akili za uzeeni, yaani ubongo unapodhoofu na kumbukumbu kufutika, anaweza kuamka saa nane za usiku akataka kwenda kazini, mahali alikoacha kazi miaka 30 iliyopita. Mkaza mwana alifanya haya kwa miaka mitano, kumi, au zaidi, bila mshahara, na mara nyingi bila shukrani, kwa sababu lilihesabiwa kuwa jukumu lake.

Mpango huo ulibomoka polepole. Vijana walihamia Tokyo, Osaka na Nagoya, wakapanga nyumba za ghorofa za vyumba viwili ambamo mama mkwe hana pa kulala. Wanawake wakaingia kazini. Watoto wakapungua. Mwaka 1980, nusu ya nyumba zenye mtu wa miaka 65 au zaidi zilikuwa na vizazi vitatu chini ya paa moja. Mwaka 2022 zilikuwa 7 tu katika kila 100. Karibu theluthi moja ya nyumba hizo zina mzee anayeishi peke yake, na karibu theluthi nyingine zina mume na mke wazee wasio na mtu mwingine.

Kwa muda pengo lilizibwa na hospitali. Tangu 1973 serikali ililipia matibabu ya wenye miaka 70 na kuendelea, na wazee wengi wakalazwa kwa miezi, wengine kwa miaka. Hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Nyumbani hapakuwa na mtu.

Mwaka ambao taifa liliichukua kazi ya nyumbani

Aprili 2000 Japani ilianzisha bima ya matunzo. Naiona kuwa hatua kubwa kuliko zote walizochukua katika jambo hili, kwa sababu ilitamka kwa sheria kwamba kumtunza mzee ni kazi, na kazi hiyo ni ya jamii nzima.

Inaendeshwa hivi. Kila mtu akifika miaka 40 huanza kukatwa mchango. Nusu ya gharama hutoka kwenye michango hiyo na nusu kwenye kodi. Mzee wa miaka 65 au zaidi akianza kushindwa kujimudu, familia inakwenda ofisi ya mji. Mkaguzi anakuja nyumbani kuona: anainuka mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Anakumbuka tarehe? Hupangiwa daraja moja kati ya saba, kulingana na msaada anaohitaji, kisha mratibu anamtengenezea ratiba ya wiki. Jumatatu na Alhamisi gari dogo linampeleka kwenye kituo cha kutwa, anaogeshwa, anakula na wenzake, anafanya mazoezi, anarudishwa jioni. Siku nyingine mtunzaji anakuja nyumbani. Mwenyewe hulipa sehemu moja katika kumi ya gharama. Mwenye kipato kikubwa hulipa mbili au tatu.

Walikuwapo waliohofia kwamba mgeni akiingia nyumbani kumwogesha mzazi, mapenzi ya familia yatakufa. Mimi naona kinyume chake. Binti asiyechoka kwa kuinua na kugeuza ana nguvu ya kukaa na mama yake wakasemezana.

Hata hivyo bima haikumaliza tatizo. Mwaka 2022 serikali ilihesabu watu 106,000 hivi walioacha kazi ndani ya mwaka mmoja ili kumtunza mtu wa nyumbani. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya siku 93 kwa kila ndugu anayehitaji matunzo, lakini kiharusi hakiponi kwa siku 93. Katika nyumba ambamo mzee anatunzwa na mtu anayeishi naye, zaidi ya nyumba sita katika kila kumi mtunzaji naye amepita miaka 65. Mke wa miaka 82 anamwinua mume wa miaka 86. Binti wa miaka 68 anampikia uji mama wa miaka 93.

*Kwa ufupi: Japani ilitegemea wanawake wasiolipwa, wanawake hao walipopungua, ilitegemea hospitali, hospitali zilipolemewa, ilijenga bima. Kila hatua ilikuja baada ya watu wengi kuumia.*

Kufa bila wa kujua

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Kifo cha upweke ni kifo cha mtu anayeishi peke yake, ambaye hugunduliwa baadaye, wakati mwingine baadaye sana. Polisi wa Japani walihesabu watu zaidi ya 76,000 waliokuwa wakiishi peke yao na kufia nyumbani mwaka 2024. Zaidi ya 58,000 kati yao walikuwa na miaka 65 au zaidi. Wengi waligunduliwa upesi. Wengine walikaa mwezi na zaidi.

Wanaume wamo zaidi katika hatari hii, na sababu yake si ngumu kuiona. Mwanaume wa kizazi hicho alikuwa na watu wa kazini. Alipostaafu, watu hao waliishia getini. Mkewe ndiye aliyewajua majirani, ndiye aliyewapigia simu watoto, ndiye aliyekumbuka misiba na arusi. Mke akitangulia, mzee anabaki katika mtaa alioishi miaka 40 akiwa kama mgeni. Wenye nyumba nao huogopa kumpangisha mzee wa peke yake, kwa kuwa akifia ndani chumba hicho hakitapata mpangaji kwa urahisi. Upweke unamfunga, kisha unamnyima hata chumba.

Njia walizobuni kumwangalia mzee asiye na mtu ni nyingi, na kadhaa ni za kawaida sana:

- Wanawake wanaouza maziwa ya Yakult nyumba kwa nyumba. Mwaka 1972 muuzaji mmoja wa Koriyama, mkoani Fukushima, aliguswa na kifo cha mzee wa peke yake katika eneo lake, akaanza kuwapelekea wazee kinywaji na kuwajulia hali. Jambo hilo likaenea nchi nzima kwa makubaliano na halmashauri.
- Birika la umeme la kampuni ya Zojirushi, lililotoka mwaka 2001. Mama akichemsha maji ya chai, mtoto aliye mbali anapata ujumbe. Ujumbe usipofika siku nzima, anapiga simu.
- Wajumbe wa ustawi wa mtaa, watu karibu 230,000 nchi nzima, wanaotembelea kaya bila mshahara. Wengi wao sasa ni wazee wenyewe, na wa kuwarithi wanapatikana kwa shida.

Birika hilo limewafanya wengi niliowaeleza wasikitike, wakisema mashine imechukua nafasi ya mtoto. Mimi namwona mtoto aliye umbali wa kilomita 600 akitazama simu kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu vya kazi. Huyo hajamtupa mama yake.

Desturi zinapokosa wenyewe

Athari za uzee wa jamii haziishii kitandani kwa mgonjwa. Zinafika hekaluni, shuleni na makaburini.

Huko Oshu, mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani, hekalu la Kokusekiji lilikuwa na sherehe ya usiku wa baridi kali ambapo wanaume waliovaa kitambaa cha kiunoni peke yake walijirushia maji ya baridi na kugombania mfuko wenye hirizi. Iliendelea kwa zaidi ya miaka 1,000. Ilipita vita, njaa na matetemeko ya ardhi. Februari 2024 ilifanyika mara ya mwisho. Waliobeba maandalizi yake, kazi za kukata miti na kutengeneza hirizi, walikuwa wamezeeka, na vijana wa kuwapokea hawakuwapo. Hakuna aliyeipiga marufuku. Kule Inazawa, mkoa wa Aichi, sherehe ya jamii hiyohiyo ilichukua njia nyingine mwaka huohuo: kwa mara ya kwanza kikundi cha wanawake kilishiriki, wakiwa wamevaa mavazi kamili. Uhaba wa watu unaweza kuua desturi, na unaweza pia kufungua mlango uliofungwa kwa karne nyingi.

Shule za umma zaidi ya 8,000 zimefungwa tangu 2002. Katika kijiji cha Nagoro, kisiwa cha Shikoku, shule ilifungwa mwaka 2012 walipomaliza wanafunzi wawili wa mwisho. Mwanamke mmoja wa kijijini alitengeneza masanamu ya nguo kufanana na watu waliohama au kufa, akayaweka kituo cha basi, mashambani, na madarasani. Masanamu leo ni mengi kuliko wakazi. Nchi nzima ina nyumba tupu milioni 9, takriban moja katika kila saba. Warithi wako mjini, hawataki kuhamia huko, na kubomoa kunagharimu.

Makaburi nayo yanahama. Kaburi la Kijapani ni la ukoo. Majivu ya vizazi huwekwa pamoja, na aliye hai ana wajibu wa kulisafisha na kulipia. Mtu asiye na mtoto, au mwenye mtoto aliyeko mbali, anajiuliza nani atafagia. Ndiyo maana kila mwaka familia zaidi ya 150,000 huhamisha mabaki ya wazee wao, wengi wakifunga kaburi la kijijini na kuyapeleka karibu na mjini, au hekaluni ambako mtawa atawaombea wote kwa pamoja. Kwa watu waliowajengea mababu madhabahu ndani ya nyumba, uamuzi huo si mwepesi, na huchukuliwa baada ya vikao virefu vya ukoo.

Kesi iliyouliza: mzee ni wa nani?

Mwaka 2007, mkoani Aichi, mzee wa miaka 91 aliyepoteza kumbukumbu alitoka nyumbani wakati mkewe, naye akiwa na miaka 85, amesinzia kwa dakika chache. Alifika kwenye reli akagongwa na treni. Kampuni ya reli ikaishtaki familia, ikidai fidia ya hasara ya treni zilizochelewa. Mahakama ya kwanza iliamuru mke na mtoto wa kwanza wa kiume walipe zaidi ya yeni milioni 7. Mahakama ya rufaa ikapunguza, ikambebesha mke peke yake.

Nchi nzima iliifuatilia kesi hii kwa hofu, kwa kuwa kila mwenye mzazi wa namna hiyo alijiona kizimbani. Je, amfungie mlango? Machi 2016 Mahakama ya Juu iliiondolea familia dhamana yote, ikisema kuwa mke au mtoto hawezi kubebeshwa lawama kwa sababu ya undugu peke yake; lazima itazamwe hali yao halisi na kama waliweza kumdhibiti. Baada ya hapo halmashauri kadhaa zilianza kuwakatia bima wakazi wake wenye ugonjwa huo, ili mtu akisababisha hasara asiifilisi nyumba yake.

Mwaka 2023 polisi walipokea taarifa zaidi ya 19,000 za watu wa aina hiyo waliopotea. Ndiyo sababu tangu 2005 kuna mafunzo mafupi, ya saa moja na nusu hivi, yanayotolewa kwa makarani wa benki, wauzaji maduka, madereva wa basi na watoto wa shule: jinsi ya kumsemesha mzee aliyepotea bila kumtisha. Waliohudhuria ni zaidi ya milioni 15. Bibi akisimama kaunta ya benki kwa mara ya tatu siku hiyo akitaka kutoa pesa zilezile, karani anajua la kufanya.

Mikono ya kuazima

Japani imeanza pia kuwaita wageni. Mwaka 2008 walikuja Waindonesia wa kwanza kwa mkataba wa watunzaji, wakafuatiwa na Wafilipino na Wavietnamu. Nchi nyingine tajiri zimefanya hivyo muda mrefu zaidi, na hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika habari hii. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wa Kenya huko, na katika nyumba za wazee za Marekani Wakenya na Waganda si wachache. Dada wa Murang'a anamwogesha bibi wa Boston kwa subira yote aliyofundishwa na mama yake. Mama yake anaogeshwa na msichana wa kazi, kwa pesa zinazotumwa kila mwisho wa mwezi. Dada huyo akipigiwa simu usiku kwamba mama ameanguka, anaanza kutafuta tiketi.

Tuko mbali na hesabu za Japani. Vijana wetu bado ni wengi. Lakini mwanamke wa Kenya, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alizaa wastani wa watoto wanane, alizaa 3.4 kwa utafiti wa taifa wa 2022. Wale watoto wanane ndio wanaowatunza wazee wa leo, na kwa kuwa ni wanane tunaona kana kwamba kazi inajifanya yenyewe. Zanzibar ilitangulia wengine katika kanda hii: tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 au zaidi hulipwa pensheni ya jamii, awe aliwahi kuajiriwa au la, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa wenye umri huohuo, shilingi 2,000 za Kenya. Fedha hizo zinamnunulia bibi sukari, dawa ya presha na heshima ya kutoomba omba, nami nataka ziongezwe. Anayemgeuza kitandani saa tisa za usiku bado ni binti yake au mkaza mwana wake. Hana ratiba, hana siku ya mapumziko, hajafundishwa namna ya kumwinua mtu mzito bila kuvunja mgongo wake mwenyewe, na kazi hiyo halipwi na mtu.